Kutoa Nyumba na Kubaki Ndani Yake

Maandishi ya darsa ya Ramadhani iliyotolewa baada ya sala ya Alasiri, Soweto, Johannesburg

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, Mrithi wa ardhi na wote waliomo juu yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aali zake na masahaba wake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.



Ndugu zetu katika imani, kina baba na kina mama, mwezi huu unapoingia hutujia maswali mengi ya funga: nani afungue, nani alipe, nini kinabatilisha. Hayo huulizwa hadharani. Lakini liko swali ambalo watu huliacha mpaka msikiti umetulia, kisha hulileta kwa sauti ya chini. Mzee anataka kumwandikia mtoto wake nyumba akiwa bado yu hai, lakini aendelee kukaa humo mpaka siku atakapoitwa na Mola wake. Je, yafaa?

Wanaotuuliza ni wazee waliotoka Tanga, Unguja, Mombasa, Kigoma na Bukavu, wakafanya kazi nchi hii miaka mingi, wakapata nyumba ya vyumba vinne na vyumba viwili vya nyuma vya wapangaji. Wako na kina mama wajane, wenyeji wa hapa waliosilimu na wageni, ambao watoto wao wanawaambia: "Mama, hebu tubadilishe jina mapema, tusije tukahangaika na gharama za mirathi." Na wako vijana wenye nia safi kabisa wanaotaka kujua mpaka wao.

Jibu letu ni kwamba jambo hili lina njia ya halali. Lakini njia ambayo wengi wetu tunaitumia siyo hiyo. Tunachofanya ni kubadilisha jina kwenye hati, kisha haki ya mzee ya kukaa tunaiweka katika ahadi ya mdomo. Nyumba inasajiliwa, ahadi haisajiliwi. Siku mambo yakiharibika, mahakama inasoma kilichosajiliwa.

Funzo la mahali tulipo

Ndugu zetu, hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Mji huu wenyewe umejengwa juu ya maumivu ya karatasi. Jina la Soweto lilipitishwa rasmi mwaka 1963, na kwa miaka mingi mwenyeji mweusi hakuruhusiwa kuimiliki nyumba aliyoilea familia yake ndani yake. Alipewa kibali cha kupanga kutoka kwa wakuu wa mji. Kibali kilikuwa na jina la mkuu wa kaya, kwa kawaida mwanamume, na wengine wote waliandikwa chini yake. Mwaka 1978 ndipo ilipokuja haki ya upangaji wa miaka 99, na mwaka 1986 sheria ikaruhusu umiliki kamili. Kisha Sheria namba 112 ya mwaka 1991 ikazigeuza haki nyingi za zamani kuwa umiliki.

Hapo pana mtihani. Familia iliiona nyumba kuwa ni ya wote, nyumba ya ukoo, mahali ambapo binti aliyeachika hurudi na mjukuu yatima hulelewa. Jina kwenye karatasi lilikuwa la mtu mmoja tu, kwa sababu karatasi ilitaka jina moja. Sheria ilipoigeuza karatasi hiyo kuwa hati miliki, yule mmoja akawa mwenye nyumba, na waliobaki wakawa watu wanaokaa kwa hisani yake.

Iko kesi mashuhuri ya jambo hili, kesi ya Rahube, iliyohusu nyumba ya Mabopane, kaskazini ya Pretoria. Familia ilikuwa imemteua kaka awe ndiye mwenye jina kwenye cheti. Cheti kikaja kuwa umiliki. Mwaka 2009 kaka akafungua shauri la kuwatoa waliokuwa wakikaa mle, na dada yake akaipinga sheria yenyewe. Tarehe 30 Oktoba 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kifungu kile cha sheria ya 1991 kilikwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa kiliwageuza watu kuwa wamiliki bila wakaazi wengine kupewa taarifa wala nafasi ya kusikilizwa, na waliodhurika zaidi ni wanawake.

Tuizingatie kesi hii. Dada yule alipata haki, lakini ilichukua miaka tisa na mahakama ya juu kabisa ya nchi. Na chanzo chake kilikuwa jambo dogo ambalo sisi tunalifanya kila siku kwa hiari yetu wenyewe: kuweka jina la mtu mmoja juu ya haki za watu wengi, na kutumainia kuwa udugu utatosha.

Nini kinatolewa na nini kinabakishwa

Wanazuoni wa fikihi wametufundisha kutenganisha vitu viwili. Kuna rakaba, yaani kitu chenyewe, nyumba na kiwanja chake. Na kuna manfaa, yaani kukaa ndani yake na kula kodi yake. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na ndivyo ilivyo kwa kawaida. Vilevile inawezekana rakaba iwe ya huyu na manfaa iwe ya yule, kama nyumba iliyopangishwa. Swali letu lote limesimama hapa: mzee anatoa rakaba na kujibakishia manfaa.

Tahadhari ya kwanza inatoka kwenye Sunna. Waarabu walikuwa na desturi iitwayo umraa, nayo si Umra ya Makka, bali ni kumpa mtu nyumba kwa muda wa umri wake. Imepokewa kwa Jabir bin Abdillahi (Mwenyezi Mungu awawie radhi yeye na baba yake), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa anayepewa kwa njia hiyo huwa ni chake. Katika mapokezi ya Muslim aliwausia Masahaba wazizuie mali zao na wasiziharibu, kwani kilichotolewa hivyo huwa cha aliyepewa, na baada yake huwa cha warithi wake. Hapa aliyetoa ni mwenye nyumba na anayekaa ni mwingine, kinyume cha suala letu. Lakini funzo ni moja: neno la kutoa lina uzito. Ukisema "nyumba hii nimekupa", usidhani kwamba utaweza kulivuta neno lako pole pole baadaye.

Tahadhari ya pili ni ya kukabidhi. Hiba katika madhehebu yetu ya Shafii haikamiliki kwa maneno. Inakamilika kwa kabdhi, yaani aliyepewa akishike kitu kwa idhini ya mtoaji. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abubakar Siddiq (R.A.) alimpa binti yake Bibi Aisha (R.A.) mavuno ya tende kutoka shamba lake la Ghaba. Yalipomfika mauti alimwambia kwamba, lau angekuwa amekwisha kuyachukua, yangekuwa yake, lakini siku ile yalikuwa ni mali ya warithi, wagawane kwa mujibu wa Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Huyu ni Abubakar, na binti ni Aisha. Hakuna aliyeshuku mapenzi yao. Lakini haki za warithi zilitangulizwa mbele ya nia ambayo haikutimizwa.

Sasa, mzee atakabidhi vipi nyumba ambayo bado analala ndani yake? Hili ndilo lililowafanya wanazuoni wakatofautiana. Wanazuoni wa Kimaliki walikuwa wakali: mtoaji akiendelea kuikalia nyumba aliyoitoa mpaka akafa, hiba haisimami. Wetu wa Kishafii walitaka nyumba iachiwe na kuondolewa vitu vya mtoaji, na hawakupenda hiba ifungwe kwa sharti linaloipunguza. Ama baadhi ya wanazuoni, hasa wa Kihanbali, waliruhusu mtoaji kujibakishia manfaa. Walitumia Hadithi ya Jabir aliyemuuzia Mtume (S.A.W.) ngamia wake njiani akashurutisha kumpanda mpaka Madina, na habari ya Safina, ambaye Bibi Ummu Salama (R.A.) alimwacha huru kwa sharti amtumikie Mtume (S.A.W.) maadamu yu hai.

Hatusemi haya ili kuwachanganya. Tunasema ili ijulikane kwamba jambo lenye ikhtilafu kama hili halifanywi kwa kukisia. Anayetaka kuifuata kauli ya kujibakishia manfaa, basi aibakishe waziwazi, kwa maandishi, na nyumba isajiliwe kwa jina la mtoto, kwani wanazuoni wengi wa zama zetu wanauhesabu usajili kuwa ni kabdhi ya kihukumu. Na anayetaka kutoka katika ikhtilafu kabisa, basi iko njia iliyo salama zaidi, tutaitaja kabla ya kumaliza.

Wazee wetu wa pwani

Msidhani kwamba hamu hii ya kutoa na kubaki imeanzia ughaibuni. Pwani yetu, wazee waliokuwa na nyumba za mawe na mashamba ya minazi waliweka wakfu wa familia: mali haiuzwi, watoto na wajukuu wanakaa na kula mazao, na kizazi kikikatika inakwenda kwa masikini. Lengo lilikuwa lile lile, paa lisiondoke juu ya vichwa vya watu wao.

Lakini nia hiyo nayo ilikutana na sheria ya dola. Katika kesi ya Bakhshuwen kutoka Kenya, Baraza la Privy huko London, mwanzoni mwa miaka ya 1950, liliubatilisha wakfu wa familia kwa hoja kwamba fungu la masikini lilikuwa mbali mno kiasi cha kuwa kama halipo. Kenya ikawa na Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951, iliyoutambua wakfu wa aina hiyo. Tumeitaja habari hii kwa sababu moja. Wazee wale waliijua dini yao vizuri, na bado mpango wao uliyumba kwa kuwa waliishi chini ya mahakama ambayo haikuusoma kama wao. Sisi hapa tuko katika hali hiyo hiyo. Mpango wetu lazima usimame kwenye mizani mbili: mbele ya Mwenyezi Mungu, na mbele ya ofisi ya usajili wa hati ya Johannesburg.

Maswali matano kabla ya kutia saini

Kwa hiyo, mzee wetu, mama yetu, kabla ya kutia saini, jiulize mambo matano.

La kwanza: nyumba hii ni yako? Wengi hulipita swali hili. Mume alifariki miaka kumi iliyopita, mirathi haikugawiwa, mama akabaki ndani na jina likahamia kwake. Kisheria za nchi pengine ni yake. Lakini katika Sharia, mjane mwenye watoto wa marehemu ana thumni, sehemu moja ya nane, kama ilivyobainishwa katika Suratun Nisaa aya ya 12. Saba ya nane zilizobaki ni za warithi wengine. Mama hawezi kutoa hiba sehemu ambayo si yake, hata akitaka kuitoa kwa mtoto mwema kuliko wote. Gaweni kwanza mirathi ya baba, kisha zungumzeni hiba ya mama.

La pili: nia yako nini? Ikiwa unampa mtoto kwa kumpenda na kumsaidia, hiyo ni hiba. Ikiwa unampa ili binti zako wasipate kitu, au ili mke wa pili akute nyumba imekwisha kuondoka, basi umefanya hila dhidi ya faraidhi, na hati safi haitakutakasa. Na kumbuka kwamba anayetoa akiwa katika maradhi ya mauti, utoaji wake hupewa hukumu ya wasia: hauvuki theluthi, na hauwi kwa mrithi ila warithi wengine wakiridhia.

La tatu: watoto wengine umewapa nini? Nu'man bin Bashir (R.A.) alipewa zawadi na baba yake, na baba akaenda kumshuhudisha Mtume (S.A.W.). Mtume alimuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Aliposema hapana, akamwamrisha amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake, na akakataa kuwa shahidi wa jambo lile. Baba akairudisha zawadi yake. Tukadirie mama mwenye watoto wa kiume wawili na binti mmoja, na wao ndio warithi wake peke yao. Akifa na nyumba ikiwa yake, inagawiwa mafungu matano: mawili kwa kila mwanamume na moja kwa binti. Akimwandikia mkubwa nyumba yote, amemtoa mdogo na mafungu yake mawili, na binti na fungu lake moja, ilhali pengine binti ndiye anayempikia futari na kumpeleka kliniki.

La nne: haki yako ya kukaa imeandikwa wapi? Sheria ya nchi hii inayo haki ya kumwezesha mtu kuitumia nyumba ya mwingine na kula matunda yake katika uhai wake. Wanasheria huiita yusufrakti. Iko na haki ndogo kuliko hiyo, ya kukaa tu, wanayoiita habitasio. Haki hizi huandikwa katika hati na kusajiliwa, na zikishasajiliwa zinamfunga hata mtu atakayeinunua nyumba baadaye. Kwa Sheria ya Usajili wa Hati ya mwaka 1937, haziwezi kusajiliwa zikavuka uhai wa mwenye kuzipewa; mzee akifariki, zinakwisha, na mtoto anabaki na umiliki mkamilifu.

Tafauti ya haki hizi si ya maneno matupu. Ile kodi ya vyumba vya nyuma, inayomnunulia mama dawa na umeme, ni ya nani baada ya uhamisho? Yusufrakti inampa mama. Usipoitaja, mwenye hati ndiye mwenye kodi. Na nani atalipa ada za manispaa? Kwa kawaida anayekula manfaa ndiye anayelipa ada na matengenezo madogo. Yote haya yaandikwe. Utoaji wa ardhi na nyumba kwa sheria ya hapa haukubaliki bila maandishi na saini za pande zote mbili, na uhamisho hufanywa na wakili wa hati, si na jamaa mwenye fomu. Nyumba yenye deni la benki haihamishwi bila benki. Nyumba ya ruzuku ya serikali, hii tunayoiita RDP, kwa miaka minane ya mwanzo haiuzwi kabla ya kutolewa kwanza kwa mkoa, na zinazobadilishwa mikono mitaani kwa karatasi ya mkono zimewatia watu wengi hasarani. Tena iko kodi ya zawadi, asilimia 20 ya thamani inayozidi kiwango kinachosamehewa kila mwaka. Muulizeni wakili hesabu hiyo kabla, si baada.

La tano: mtoto akikutangulia, au akianguka, itakuwaje? Tunapanga kana kwamba mauti hufuata umri. Mtoto akifa kabla ya mama, nyumba inaingia katika mirathi ya mtoto. Katika Sharia mama atapata sudusi, moja ya sita, maadamu marehemu ameacha watoto. Lakini mtoto huyo akifa bila wasia, sheria ya nchi ya mwaka 1987 itawapa mke na watoto wake, na mama hatapata chochote. Mtoto akiwa ameoa kwa ndoa ya serikali bila mkataba, mali yake na ya mkewe ni moja, na talaka itaifikia nyumba ya mama, isipokuwa hati ya hiba imeitenga. Mtoto akizama katika madeni, wadai wataushika umiliki wake. Katika mitihani yote hiyo, kitakachombakisha mama ndani ya chumba chake ni ile haki iliyosajiliwa kabla.

Hapa mtu wa fikihi atatuambia: lakini mzazi ana ruhusa ya kurejea katika hiba aliyompa mtoto wake. Ni kweli, imethibiti katika Hadithi, na ndiyo kauli ya madhehebu yetu maadamu kitu kiko bado katika milki ya mtoto. Lakini ofisi ya hati haitabadilisha jina kwa kuwa mzee amesema amerejea. Itataka saini ya mtoto au amri ya mahakama. Msijenge usalama wenu juu ya ruhusa ambayo hamtaweza kuitekeleza.

Nyumba iliyo katika jina la mtu mwingine

Liko jambo linalowahusu wageni hasa. Wapo waliotoa pesa zao, wakanunua nyumba, na hati ikaandikwa kwa jina la mke, shemeji au rafiki mwenyeji, kwa kudhani kwamba mgeni haruhusiwi kumiliki. Mgeni anayeishi nchini kihalali haruhusiwi kuogopa jambo ambalo sheria haikumkataza. Anaweza kumiliki nyumba kwa jina lake. Na nyumba ambayo tayari iko kwa jina la mwingine, semeni wazi ni nini: ni hiba, ni mkopo, ni shirika, au ni amana? Katika Suratul Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuandike deni, liwe dogo au kubwa, wala tusichoke. Ikiwa deni la muda linaandikwa, nyumba inayobeba uzee wako je?

Njia iliyo salama zaidi

Tuliahidi kuitaja. Kwa wazee wengi, na hasa kina mama wajane, ushauri wetu ni huu: usihamishe. Baki na nyumba yako kwa jina lako, na uandike wasia.

Sheria ya nchi hii inampa mtu uhuru mpana wa kuusia, kwa hiyo Mwislamu anaweza kuandika kwamba mirathi yake igawiwe kwa faraidhi, na msimamizi wa mirathi akawajibika kuufuata wasia huo. Uwe umeandikwa, umetiwa saini kila ukurasa, mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi wasiwe katika wanaorithi. Usipoandika, sheria ya 1987 ndiyo itakayokugawia, wala haijui thumni wala sudusi. Kwa njia hii hakuna ikhtilafu ya kabdhi, hakuna mtoto aliyependelewa, hakuna talaka ya mkwe itakayokugusa. Unakaa kwako, unakula kodi yako, na ukiondoka, Mwenyezi Mungu amekwisha kugawa.

Na ukitaka mke wako aendelee kukaa baada yako, usimwachie kwa kutumaini huruma. Yeye ni mrithi, na wasia kwa mrithi unahitaji ridhaa ya warithi wenzake. Basi waite watoto wenye umri wa kuridhia, wakubali kwa saini kwamba mama hatatolewa. Ridhaa ya warithi inayohesabika ni ile ya baada ya kufa kwako, lakini aliyetia saini mbele ya baba yake ataona haya kuikana mbele ya kaburi lake.

Ama yule mwenye sababu ya kweli ya kuhamisha akiwa hai, kama vile mtoto mlemavu atakayehitaji makao, au mtoto aliyelipa bei ya nyumba kwa mfuko wake, huyo ahamishe, kwa ridhaa ya ndugu wote, na haki ya kukaa isajiliwe siku hiyo hiyo. Isiwe wiki ijayo. Siku hiyo hiyo.

Kwa vijana wetu

Nanyi vijana, tunawaombeni jambo moja. Msimwombe mzazi nyumba. Hata kama nia ni njema, hata kama hesabu ya gharama ni sahihi, mzee akiombwa na mtoto anayemtegemea kwa chakula, hawezi kukataa kwa uhuru, na hiba isiyo na ridhaa si hiba. Akitaka mwenyewe, mpelekeni kwa wakili ambaye si wa kwenu, akaelezwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Kizulu au Kisotho, na ninyi mkae nje.

Na aliyekwisha kuandikiwa nyumba bila haki ya mzazi kusajiliwa, bado mlango uko wazi. Mwezi huu si wa kujizuia chakula peke yake. Nenda kwa wakili, umsajilie mama yako haki yake ya kukaa. Usingoje aiombe. Wazee wengi watakufa kabla hawajaiomba, kwa sababu wanaona aibu kumwonyesha mtoto kwamba wanamwogopa. Na anayekaa nyumbani kwake mwenyewe huku akihesabu maneno yake mbele ya mkwe, huyo tayari ametolewa, ingawa vyombo vyake viko ndani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu na visimamo vyetu, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awahifadhi waliobaki katika majumba yao kwa izza na utulivu, atutoe katika dhulma tunazozijua na tusizozijua, na atupe sote nyumba isiyohamishwa kwa hati wala kurithiwa na mwingine, katika Pepo yake ya Firdausi. Amin.

Wa aakhiru da'wana anil hamdu lillahi Rabbil aalamin. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.